Bwawa la Justus na Perege Wasiokua

Wallahi, haya nitakayowaeleza ni kweli tupu. Najua pale mtaani kwetu Cheyo, Tabora mjini, nikianza kuapa watu husogeza viti nyuma kidogo, kama mtu anayekwepa mafuta ya moto, lakini safari hii naapa bila kuulizwa na mtu. Katika maisha yangu nimesema mengi. Niliwahi kusema kwamba nilisimamisha treni ya mizigo kwa mkono mmoja pale stesheni ya Igalula, mkono wa pili nimeshika kikombe cha chai na wala haikumwagika. Hilo nalo lina ukweli wake, maana mkono ule mmoja ulikuwa na bendera nyekundu. Lakini hili la samaki sijalitia chumvi hata chembe. Natamani lingekuwa uongo, ningelala vizuri.

Naitwa Nasri, mstaafu wa reli. Shule niliishia darasa la saba. Mengine yote nimejisomea mwenyewe: magazeti ya juzi, vitabu vilivyosahauliwa kwenye mabehewa, hata karatasi za kufungia bagia huzikunjua nikazisoma nikishamaliza kula. Ndiyo maana mtu akiniuliza jambo sijawahi kumjibu "sijui". Neno hilo nililisikia kwa watu wengine, nikaona haliwapendezi.

Rafiki yangu Justus ni Mnyamwezi wa Goweko, mkulima, Mkatoliki wa kwenda misa ya kwanza. Tulijuana miaka mingi iliyopita alipokuwa akileta magunia ya karanga stesheni. Babu yangu mimi alikuwa Mzaramo, aliingia Tabora na misafara akitokea pwani, akaoa, akasahau njia ya kurudi. Basi mimi na Justus ni watani, na mkewe Pelagia ni mtani wangu pia. Wazaramo na Wanyamwezi wametaniana tangu siku zile watu walipobeba mizigo kwa miguu kwenda na kurudi. Walichoshana njiani, wakauguzana, wakazikana, na mwisho wakaona heri wacheke. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Ukinuna, umeshindwa. Akikukuta na kosa anakutoza faini anayoitaka yeye, na faini ya mtani haina rufaa.

Sasa, Justus alikuwa na kifua. Miaka ishirini na mbili alikausha tumbaku, akichochea kuni kwenye yale mabani, vibanda vya kukaushia majani kwa moto, moshi unamwingia, anatoka kupumua kidogo, anarudi. Daktari alimwambia aache. Aache ale nini? Ndipo akapata wazo la bwawa la samaki. Palikuwa na kijibonde chenye unyevu mwaka mzima, eneo la ukoo, ambapo tangu enzi za baba yao walikuwa wakiotesha miche ya tumbaku. Justus akamwomba kaka yake Octavian, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, apewe kijibonde kile achimbe.

Octavian si mtu mbaya. Ni mtu wa kukata maneno tu. Alisema, "Miche tutaotesha kwa jirani kwa miaka miwili. Miwili, Justus. Mwezi wa nane wa mwaka wa pili nataka kuona samaki wa kujaza sahani. Nikimwona, bwawa ni lako mpaka ufe. Nisipomwona, kitalu kinarudi mahali pake, na wewe unarudi bani."

Justus akaja mpaka Cheyo kunitafuta. Nilikuwa nimekaa barazani, mwaka wa nne wa kustaafu, na katika miaka ile minne hakuna aliyeniuliza chochote isipokuwa saa ngapi.

"Mtani," akasema, "wewe uliyesoma. Samaki unawajua?"

"Kuwajua?" nikasema. "Nimekaa nao Kigoma miaka mitatu."

Kigoma nilikaa siku tatu, na samaki niliyekutana naye alikuwa ndani ya sahani. Lakini mtu alikuwa ameniuliza, jamani. Alikuja kwa nauli yake kuniuliza mimi.

Tena nilikuwa na elimu kidogo. Wiki chache nyuma nilifungiwa bagia kwa karatasi ya kijitabu cha ufugaji, nayo ilisema: "Perege huzaliana upesi mno bwawani, kwa hiyo mfugaji hana budi…" Hapo ndipo muuza bagia alipokata. Nikaimalizia mwenyewe. Mfugaji hana budi kuwaacha wazaliane. Ingekuwa nini kingine?

Tulichimba. Nasema tulichimba, maana nilisimama pale nikionyesha. Bwawa hatua ishirini kwa kumi na tano, maji ya kufika kifuani. Tukaleta vifaranga vya perege mia tatu ndani ya mifuko ya nailoni, kila kimoja kama kucha ya kidole gumba. Siku ile Octavian alikuja, na majirani wakaja, nami nikatandika mkeka nikaomba karanga.

"Tazameni," nikawaambia. "Huyu dume, huyu jike." Nikaweka karanga mbili. "Mwezi mmoja, wawili, wanakuwa hivi." Nikaweka karanga kumi. "Hao kumi nao wanaoana." Nikazimwaga kwa kiganja. Kufika kizazi cha nne ungo wa karanga umekwisha, nikaomba mahindi, na kufika cha sita debe la mahindi likawa linaelekea kwisha, kuku wamejaa mkekani, watu wanapiga makofi. Justus alikuwa anacheka mpaka akakohoa.

Octavian peke yake ndiye aliyekuwa hacheki. Akauliza, "Na hao wote watakula nini?"

Lilikuwa swali la kweli. Sasa nalijua. Nimekaa nalo usiku mwingi, na naona ndilo swali pekee lililostahili kuulizwa siku ile. Mimi nikamtazama machoni nikasema, "Mtani, samaki hula maji!" Watu wakaanguka kwa kicheko. Swali likafa palepale mkekani, kuku wakalila pamoja na mahindi.

Ilipotimia miezi minne, ukienda bwawani jioni, uso wa maji unatetemeka kama uji unaochemka. Watu walikuja kutoka Igalula kutazama. Nami nilikuwa sikosi Goweko, kila nikipata nauli naparamia gari la asubuhi. Nilisimama ukingoni nikieleza mambo ambayo hayapo duniani. Niliwaambia kwamba perege humtambua mtu kwa kikohozi chake. Niliwaambia kwamba ukipiga mluzi wa treni ya abiria wanajipanga mistari miwili, madaraja yote. Justus aliniamini nusu, na nusu ile ilitosha.

Aliyekuwa akiwalisha kila siku ni Pelagia. Asubuhi pumba, jioni pumba, na mabaki ya mboga. Pelagia hasomi magazeti, lakini macho anayo. Karibu na Krismasi ile ya kwanza alinikuta ukingoni, beseni kiunoni.

"Wee Mzaramo," akasema, "mla nazi wewe, hawa samaki wako wana adabu gani? Wenyewe watoto, tayari wana watoto!"

"Umewaonea wivu, mtani?"

"Nimemwona mmoja hafiki hata kidole changu cha kati. Kinywa kimemjaa, hali pumba. Nimekaa kumvizia. Akafungua mdomo, vikatoka vidogo kama mbegu za mchicha. Nikapiga maji kwa mkono, vikarudi mdomoni mwake. Kidole, mtani! Ana kimo cha kidole na tayari ni mama."

"Kwa hiyo Wanyamwezi mmeanza kuwachungulia samaki midomoni," nikasema. "Mmekosa mlango wa kuchungulia?"

Akacheka, akanirushia maji. Kisha akasema, "Lakini mimi naona wamekuwa wengi na hawanenepi. Pumba naimwaga ileile. Tuwapunguze tule Krismasi."

"Thubutu! Ukimla mama mmoja umekula ukoo mzima. Wewe unataka kula mbegu, njaa ya Kinyamwezi haina mwisho."

"Na uongo wa Kizaramo hauna mwanzo."

Tukacheka tena, akaenda zake na beseni lake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Ningekuwa mtu baki, angeniambia bila kucheka, nami ningelazimika kumjibu. Ningekuwa shemeji yake, angempitia mumewe, wakae, wazungumze. Lakini alikuwa mtani. Kwetu sisi neno zito likisemwa kwa utani hupita juu ya vichwa kama ndege, kila mtu analiona na hakuna anayenyoosha mkono. Aliniambia mara tatu mwaka ule. Mara tatu nilimjibu vizuri, nikashinda, watu wakacheka. Sina ushindi ninaoujutia kama ule.

Mwaka wa pili kukawa na jambo nililolijua mimi peke yangu, au nilidhani ni mimi peke yangu. Samaki walikuwa walewale. Sisemi idadi, idadi ilizidi. Nasema kimo. Justus akauliza, "Mtani, hawa mbona hawarefuki?" Nikamjibu kwamba wakubwa wako chini, samaki mkubwa ana haya, hapandi juu kuonyeshana na watoto. Justus akatikisa kichwa taratibu. Alikuwa amenenepa kidogo mwaka ule, Justus. Kifua kilikuwa kimetulia. Alikuwa akiamka, anakwenda ukingoni na mswaki mdomoni, anatazama maji yake, na alipumua kama watu wengine wanavyopumua. Nilipomwona hivyo ndipo ulimi uliposhindwa kabisa. Ningemwambiaje?

Mwezi wa nane ukafika. Octavian alikuja Jumamosi asubuhi, amevaa koti. Majirani walikuja na sahani, maana Justus alikuwa amewaalika. Pelagia alikuwa ameweka sufuria ya mafuta jikoni. Justus alikuwa amemwita pia bibi samaki wa wilaya, binti mmoja anaitwa Zuena, aje na wavu wake na ashuhudie. Binti alikuja na pikipiki, buti miguuni, akatusalimia wote vizuri.

Wavu ukashushwa upande mmoja, wanaume sita wakauburuta hadi upande wa pili. Ulikuwa mzito. Nakwambia, wanaume sita, na miguu iliteleza. Watu wakashangilia. Mimi mwenyewe moyo ulinidanganya, nikasema moyoni huenda Mungu amefanya jambo, huenda wakubwa walikuwa chini kweli.

Ukatoka. Ukatoka ukiwa unameremeta wote, umejaa pomoni, ndoo kumi na saba tulijaza na bwawa bado linachemka. Na katika ndoo zile kumi na saba hapakuwa na samaki mmoja aliyezidi kidole. Wengine walikuwa na vichwa vikubwa na viwiliwili vyembamba, kama vijiko. Mzee mmoja akaficha sahani yake nyuma ya mgongo, kwa adabu, ili Justus asiione.

Zuena akachuchumaa, akashika mmoja, akamfungua mdomo kwa ukucha. Vikatoka vidogo kama mbegu za mchicha.

"Mzazi huyu," akasema. "Ana umri wa mwaka, pengine zaidi. Baba, nani alikushauri usiwapunguze?"

Macho yote yalinigeukia. Justus akasema kwa sauti ya kunitetea, "Mzee wetu huyu. Amefuga Kigoma miaka mitatu."

"Ooh, shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Kigoma mlifuga perege? Basi mlikuwa mnafanyaje majike wakishataga? Mayai mlikuwa mnayatoa wapi?"

Aliuliza kwa heshima kabisa, kama fundi anavyomuuliza fundi. Nami, midomo hii, haikunyamaza.

"Aah, kwenye majani," nikasema. "Pembeni mwa bwawa. Tunayakusanya asubuhi, kama ya kuku."

Pelagia akasema, si kwa sauti kubwa, "Mdomoni. Perege anabeba mayai mdomoni. Nilikwambia mara tatu."

Zuena aliinamisha uso, akawa ananawa mikono ambayo ilikuwa safi. Yule binti hakutaka kunitia aibu. Alimgeukia Justus akaeleza polepole: bwawa lina chakula chake, halizidishi, midomo mia tatu ingeshiba, kila mmoja angejaza sahani kwa miezi minane. Walipokuwa elfu na maelfu, pumba ileile iligawanywa kwa wote. Na perege akibanwa na njaa harefuki, anawahi kuzaa angali mdogo, basi wanazidi, basi wanabanwa tena. Ilitakiwa kila mwezi watolewe wadogo. Mngewakaanga tu, mkala.

"Tungewala," Justus akasema.

"Ndiyo baba. Mngewala, mngekuwa nao."

Akasema bwawa linaweza kukaushwa, waanze upya, miezi minane tu. Justus akamtazama kaka yake. Octavian aliangalia zile ndoo kwa muda mrefu. Naamini alitamani kusema ndiyo. Lakini jirani aliyewapa mahali pa miche kwa miaka miwili alikuwa amekwisha kukataa mwaka wa tatu, na mbegu ya tumbaku haingoji.

"Miaka miwili ilikuwa miaka miwili," akasema. "Wiki ijayo tunatengeneza matuta ya miche pembeni ya bwawa. Maji yabaki hivyohivyo, lakini ni ya kumwagilia tu, si ya kufugia."

"Sawa, kaka," Justus akasema. Hakunigeukia. Hakunilaumu hata kwa jicho. Akachukua ndoo mbili akaanza kuwagawia majirani wale samaki, mmoja mmoja wakipokea kwa mikono miwili kama wanavyopokea chakula cha msiba.

Nilimfuata Pelagia jikoni. Sufuria ya mafuta alikuwa ameiteremsha.

"Mtani," nikasema, "Kigoma nilikaa siku tatu."

"Shikamoo, Mzee Nasri," akasema.

Miaka thelathini sijapata shikamoo kwa mwanamke yule. Aliniita mla nazi, aliniita mzigo uliosahauliwa na msafara, siku ya msiba wa mke wangu alinifichia viatu mpaka nikatoa kuku. Sasa aliniamkia kama mgeni anayetoka wilayani. Nikakaa kwenye kinu chake kilicholala.

"Nitoze faini," nikasema. "Nimekosa. Nitoze yoyote."

"Faini ni ya utani. Hapa hakuna utani. Justus anarudi bani, unalisikia hilo?"

"Nalisikia."

"Mwaka mzima sijamsikia akikohoa usiku. Nilikuwa nimezoea kulala."

Nikavua kofia, nikaiweka magotini.

Justus akaingia kuchukua ndoo nyingine. Alitukuta tumekaa hivyo, akaelewa. "Mtoze, mama," akamwambia mkewe. "Usimwache hivyo. Mtoze aende."

Pelagia akafikiri, huku akifuta mikono kwenye kanga. Kisha akasema, "Haendi. Kitalu kinamwagiliwa asubuhi na jioni. Kazi hiyo ilikuwa ya Justus, na keni mbili za kumwagilia zikijaa ni mzigo kwa kifua kile. Huko bani sina la kufanya, lakini hili naweza kumpunguzia. Utamwagilia wewe, Mzee Nasri."

"Siku ngapi?"

"Mpaka mvua."

Ilikuwa mwezi wa nane. Mvua kwetu, Mungu akipenda, ni mwezi wa kumi na moja.

Basi niko Goweko. Nalala kwenye stoo ya karanga, naamka kabla jua halijapanda, nachukua keni zangu mbili nashuka bondeni. Matuta ni kumi na manne, yamefunikwa nyasi, na chini ya nyasi miche imeanza kuchungulia, midogo sana, huwezi kuamini kwamba kitu kile kitakuja kumtesa mtu. Nina umri wa miaka sitini na saba na mgongo una maoni yake. Upande wa pili Justus anakandika tanuri la bani kwa udongo mpya. Anafanya taratibu, anapumzika, anaendelea. Jana, kwa mara ya kwanza tangu kifua chake kitulie, nilimsikia akikohoa, wala moto bado hajauwasha.

Tatizo la kazi hii ni samaki. Kila ninapochota wanaingia. Nainamisha keni, maji yanatoka kidogo kisha yanakata, na nikitazama ndani wamejazana kwenye shingo yake, watano, kumi, wanasukumana. Wengine hupita wakaangukia kwenye tuta wakirukaruka juu ya nyasi. Naweka keni chini, napiga magoti, nawaokota mmoja mmoja, nawapeleka majini kwa kiganja. Jike mmoja leo alikuwa na kinywa kimejaa. Nilisita naye kiganjani, maana sasa najua kwamba kumrudisha si kumsaidia yeye wala wenzake. Kisha nikamrudisha. Sikuwa na moyo wa kufanya lile jingine.

Pelagia alikuwa anapita juu na mzigo wa kuni za bani kichwani. Alisimama akanitazama nikiwa bado nimepiga magoti pale ukingoni.

"Tuta la mwisho halijalowa," akasema, akaendelea na njia yake.

Nikachota tena, nikaenda kulimwagilia.